Naomba ushauri: mdogo wangu hushushwa kwenye basi kwa sababu ya lafudhi ya Kiha

Mwana wa Buhigwe
Ndugu wanajukwaa, salaam. Sisi ni wenyeji wa Buhigwe, mkoani Kigoma, na mdogo wangu anasoma chuo Tabora. Basi likifika kwenye kizuizi, abiria wengi hupitiwa harakaharaka, lakini yeye akishafungua kinywa hudhaniwa Mrundi na kuambiwa ashuke. Safari iliyopita alionyesha karatasi yenye namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kadi haijatoka. Ofisa akaisoma, akaikunja mara mbili, akamrudishia, kisha akamtaka aimbe Wimbo wa Taifa mbele ya watu na kueleza babu yake amezikwa wapi. Aliimba, akajibu, na basi likamwacha. Abebe nini, na aseme nini bila kuonekana mkaidi?

Mzee wa Kibondo
Poleni, wanangu. Kiha na Kirundi vinasikilizana mno, na anayetegemea sikio lake kututenganisha na Warundi atakosea kila siku. Tangu Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ile ya kuwasaka wahamiaji haramu, nimeona Waha waliozaliwa hapahapa wakidaiwa ushahidi ambao Mtanzania wa Dodoma haombwi. Abebe nakala zilizothibitishwa za cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji yenye picha, muhuri ukiwa umegongwa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Vyeti halisi vibaki nyumbani. Kikipotea kizuizini, utakitafuta hadi uzeeke.

Abiria wa Nyakanazi
Tusiwaonee maofisa. Mkoani humo kumekuwa na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, na mkimbizi hutakiwa kuwa na kibali cha kutoka kambini. Wasipouliza, watajuaje?

Msaidizi wa Sheria
Kuuliza hakuna ubaya, ndugu Abiria, iwapo wote wanaulizwa. Ubaya ni kumchagua mmoja kwa matamshi yake, ilhali Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mamlaka kumbagua mtu kwa kabila au pahala alipotokea. Kuhusu wimbo, sijui ni Mrundi gani aliyesoma shule zetu atakayeshindwa kuuimba.

Kijana aombe kwa upole namba yake ihakikiwe kwenye mfumo wa NIDA, kisha aulize kama amekamatwa au yuko huru kuendelea na safari. Akikamatwa, ana haki ya kuelezwa sababu, na asitie saini maelezo ambayo hajayasoma. Asitoe hela ya kuachiwa, maana safari ijayo atadaiwa tena, wala asijaribu kuigiza lafudhi ya pwani, kwani akigundulika ataonekana ana la kuficha. Atunze tiketi, aandike saa, mahali na jina la ofisa, ili mkipeleka malalamiko kwa maandishi yawe na pa kushikia.

Mwana wa Buhigwe
Nawashukuru sana. Mzee, tatizo ni kwamba mtendaji wetu amehamia juzijuzi na bado hajui sisi ni nani; je, ataandika?

Mzee wa Kibondo
Ataandika, lakini kijana aende na mwenyekiti wa kitongoji na mzazi mmoja, wakamshuhudie. Wakidaiwa malipo, waombe stakabadhi.