Amebalehe akiwa na miaka 6: nianze na kipimo gani cha ubongo?

Kliniko_Kayole
Wakuu, habari zenu. Msichana ana miaka 6 na miezi 4, matiti yalianza kuota kabla hajafikisha 6. Eksirei ya mkono wa kushoto inasoma mifupa ya miaka 9, LH (homoni ya ubongo inayoanzisha balehe) ya asubuhi ni 1.1. Mwalimu analalamika kuwa anaduwaa darasani, na mara nyingine anacheka ghafla bila sababu. Kwa sasa mzazi anamudu kipimo kimoja tu. EEG (mawimbi ya umeme ya ubongo), MRI (picha ya ubongo kwa sumaku) ama kile cha akili (IQ)?

Homoni_Watoto
MRI, sababu ni hicho kicheko. Kicheko kisicho na furaha huweza kuwa kifafa kinachotokana na hamartoma ya haipothalamasi (sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza homoni), uvimbe usio saratani ambao pia huchochea balehe. Kwenye fomu andika "ubongo na tezi ya pituitari, vipande vyembamba". Ukiandika "kichwa" tu, kivimbe kidogo kinaweza kurukwa. Akipewa dawa ya usingizi, akae saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji. Vibanio na shanga za chuma zitolewe nyweleni. LH ikishapita 0.3 hivyo, balehe imeshathibitika, kile kipimo cha kuchochea homoni kwa sindano hakina haja. Pesa hiyo iende kwa MRI.

Mawimbi
EEG ifuate, ila isipoonyesha kitu msitulie: chanzo kiko ndani sana, elektrodi (vibandiko vya kunasa mawimbi) za kichwani huenda zisikifikie. Nywele zifumuliwe, zioshwe, zisipakwe mafuta, la sivyo elektrodi hazishiki. Alale saa 5 usiku, aamshwe saa 10 alfajiri ili asinzie wakati wa kipimo, na asisinzie kwenye matatu! Jam ya Thika Road imeharibu EEG nyingi, maana mtoto anafika ameshamaliza usingizi tunaoutaka.

Unaweza kupima kuduwaa hapo kliniki bure: mpe karatasi aipulize kwa nguvu dakika 3. Akikatika katikati, macho yakaganda, shuku kifafa. Mwenye selimundu au ugonjwa wa moyo usimpulizishe. Na mzazi arekodi kicheko kwa simu.

Saikolojia_Shuleni
Cha akili kingoje. Mtoto anayekatika-katika atapata alama za chini zisizo zake. Wakati ukifika, hesabu umri wa cheti cha kuzaliwa, si wa mifupa. Mwili mkubwa huwafanya watu wamdai akili ya miaka 9. Apimwe kwa lugha anayoizungumza nyumbani, na kipimo kilekile kisirudiwe kabla ya mwaka kupita.

Kliniko_Kayole
Haumwi kichwa wala hatapiki. Bado MRI?

Homoni_Watoto
Bado. Hamartoma kwa kawaida haikui, kwa hiyo hata kichwa huenda kisiume kamwe.