Tropheus duboisi: tangi la lita 100 linatosha?

Swali: Wakuu, samaki wa ndoto yangu ni Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika. Akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe. Akikua madoa yanafutika, kichwa kinakuwa buluu na mkanda mweupe au wa njano unamzunguka. Nina tangi la lita 100. Niweke wawili?

Jibu 1: Hapana mkuu, watapigana mpaka mmoja afe. Anza na 12 au zaidi, waingie siku moja, ubabe ugawanyike. Tangi lisipungue lita 300, urefu sentimita 120. Panga mawe kwanza, mchanga ufuate. Wakichimba, rundo haliporomoki.

Jibu 2: Naongezea kuhusu chakula, maana hapo ndipo wengi hupoteza kundi zima. Hawa hukwangua mwani kwenye mawe na utumbo wao ni mrefu. Ukiwapa nyama, tumbo linavimba wanakufa. Wape spirulina (chakula cha mwani) kidogo, mara 2 kwa siku. pH ya maji (kipimo cha uasidi) iwe 8.5 hadi 9, joto nyuzi 25 hadi 27. Ukiona kinyesi cheupe chembamba kama uzi na samaki anatema chakula, acha kulisha, pima amonia (sumu ya uchafu wa samaki majini), badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo.