Naomba ushauri: injini ya lori inatetemeka, moshi mweupe, na bajeti ni finyu

Wakuu, habari zenu. Lori langu la dizeli, silinda 6, pampu ya dizeli ya kizamani isiyo na umeme, asubuhi linawaka kwa shida. Linatetemeka hadi kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, na moshi mweupe unanuka dizeli mbichi mpaka macho yanawasha. Likipata moto moshi unapungua, ila mtikisiko unabaki na mlimani halina nguvu.

Nimebadilisha filta ya dizeli na kutoa hewa kwenye paipu za dizeli. Maji ya rejeta hayapungui, oili haijawa kama maziwa, kwa hiyo gasketi ya hedi siishuku sana. Nililegeza nati za paipu za nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya silinda) moja moja injini ikiunguruma: zote zilibadilisha mlio isipokuwa ya 4, yaani silinda hiyo ndiyo haichangii nguvu.

Fundi anataka tushushe pampu na nozeli zote. Hela hiyo sina, na lori hili ndilo linalolisha nyumba. Je, nikihamishia nozeli ya 4 kwenye silinda ya 2 na tatizo likahama nayo, huo ni ushahidi wa kutosha? Au nitangulize kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) na kurekebisha valvu? Mliopitia hili, naombeni msaada.