Huyu mwanahistoria wa ukoo atatuua kwa presha

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, herufi zikiruka mnisamehe. Mnamjua. Kila ukoo unaye mmoja, ila wa kwetu kapitiliza. Yule wa kofia. Yule wa "niko kwenye utafiti".

Leo kamwaga mti wa ukoo kwenye grupu la familia. Majina laki saba, yote yana tarehe. Hadi mababu waliokufa kabla Speke hajakanyaga Mwanza 1858, wana siku na mwezi wa kuzaliwa! Chanzo hata kimoja hakuna. Nikauliza kwa adabu, shikamoo mbele: hii ya babu umeitoa wapi? Kitabu cha ubatizo cha parokia gani, ukurasa upi? Au umesimuliwa, na nani, lini?

Akajibu: "Chanzo ni mimi."

CHANZO NI MIMI. Mbele ya baba wadogo na mashangazi! Na wao wakampigia makofi.

Babu mwenyewe kabatizwa Bukumbi 1904, halafu kazaliwa 1 Januari 1907. Padri alimmwagia nani maji? Na 1919 kashuka na treni stesheni ya Mwanza kutoka Tabora. Reli imefika Mwanza 1928! Yaani mzee alishuka porini akasubiri stesheni imfuate. Bibi alisema tu babu kazaliwa "mwaka wa njaa". Njaa ipi? Hapo ndipo kazi ilipo, unaandika maneno yake yalivyo, unaweka siku aliyokuambia, unaendelea kutafuta. Huyu kasikia njaa kaandika 1 Januari.

Eti chanzo ni yeye. Kwani yeye ni rejista? Ana kurasa?

Sangara Mkavu: Punguza povu mkuu, hilo linafua mashuka ya Mabatini nzima.

Mama Furu: Afadhali wenu. Wa kwetu katuandika wajukuu wa Ng'wanamalundi, yule mganga mashuhuri wa Usukuma. Msukuma akishapata bando tu, tayari ni mjukuu wa Ng'wanamalundi.

Kijana wa Igoma: "Chanzo ni mimi" naichapisha kwenye tisheti. Nani anataka saizi gani?

Mkerewe Asilia: Tusimuonee sana. Watumishi wengi wa zamani waliojua mwaka tu waliandikiwa 1 Julai kazini. Ukiikuta tarehe hiyo, nakili ilivyo, taja karatasi uliyoikuta, kisha weka alama kwamba ni ya kukadiria.

Mleta mada: Mkuu hoja siyo tarehe! Hoja ni CHANZO NI MIMI!

Sangara Mkavu: Tumesikia hadi Ukara huku.

Kijana wa Igoma: Mleta mada kwenye huo mti umewekwa wapi? Isije ikawa hasira ni ya kuachwa.

Mleta mada: Nimewekwa. Nimeandikwa mtoto wa baba mdogo.

Mama Furu: HAHAHA jamani. Chanzo?

Kijana wa Igoma: Saizi L tatu zimeshachukuliwa.

Mkerewe Asilia: Tukiacha hayo, kivukoni leo foleni ikoje? Jana nimekaa hadi kuku wangu akataga.

Mama Furu: Usiniambie kivuko. Kuna mtu mwaloni kaniuzia dagaa nusu mchanga, na mnamjua.

Sangara Mkavu: Yule wa ndoo ya bluu?

Mama Furu: Huyo huyo! Fungua uzi wake, nakuja na picha.