Naombeni msaada: Marko 13:30 naihubirije Jumapili hii?

Mwinjilisti_K: Wakuu, Bwana asifiwe, na wasio wa upande huu habari za jioni. Nahudumu kanisa dogo hapa Kigoma, pande za Kibirizi. Jumapili nina zamu, somo Marko 13. Nimekwama mstari wa 30, kizazi hiki hakitapita kabla dalili za mwisho hazijatimia. Kizazi kipi? Waliomsikia Yesu walishakufa zamani. Leo siku ya nne silali.

Mwalimu_Mstaafu: Kijana, usianzie katikati. Mwanzo wa sura wanafunzi wanashangaa mawe ya hekalu, Yesu anasema halitasalia jiwe juu ya jiwe, wao wanauliza lini. Warumi walilibomoa mwaka 70, kama miaka arobaini baadaye. Kwa hiyo wapo wasemao ni kizazi kilekile. Wengine wanasoma taifa la Wayahudi, wengine kizazi kitakachoziona dalili. Ila mstari wa 32 hauna mjadala: siku ile hata Mwana haijui. Waambie waumini tafsiri ni nyingi, hawatakupiga mawe.

Reli_ya_Kati: Ziwa lilipojaa likameza nyumba, mchungaji wetu alisoma Luka 21, bahari na mawimbi yake. Watu walilia, sadaka ikafurika. Maji yalipoanza kushuka hakuurudia ule mstari.

BintiUvinza: Mtumishi, siku nne hulali kwa mstari ambao upo miaka yote? Umefanya nini?

Mwinjilisti_K: Dada umenibana. Hiyo sura nilishaianza wiki mbili zilizopita. Nikasema mtini wa mstari wa 28 ni Israeli, umechipua 1948 taifa lilipoundwa, na Zaburi 90 inatupa miaka 80, mjumlishe wenyewe. Mzee mmoja akajumlisha. Jumamosi usiku alitoka kuvua dagaa, mbalamwezi inawaka, Jumapili kanisikiliza, Jumatatu kauza mtumbwi, injini na taa zote. Hela kaileta kanisani. Lakini sikutaja siku wala saa! Nilitaja mwaka tu.

Mgebuka_Mkavu: Mwaka usio na siku ndani yake. Huo nao ni muujiza 😂

BintiUvinza: Shakahola kule Kenya, 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa. Kabla ya kufunga kula, watu waliacha kazi, wakatoa watoto shule. Rudisha hela ya mzee wa watu.

Mwinjilisti_K: Alitoa kwa hiari. Halafu wazee wa kanisa wameshanunua spika. Nikirudi nyuma sasa, nani ataniamini tena?

Mwana_Ujiji: Nimenusa chai. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanalala kwao wanashona nyavu. Mtoto wa darasa la pili hapa anajua. Huyu yuko Dar anatuchezea.

Mgebuka_Mkavu: Chai ya maziwa, na tangawizi imo. Nilishaanza kumhurumia mzee.

Reli_ya_Kati: Mods unganisheni na ule uzi wa jamaa aliyeoa jini Tabora.

Mwinjilisti_K: Mwana wa Ujiji, hapo nilipamba, nisameheni. Mzee hakwenda ziwani. Na haikuwa Jumamosi, ilikuwa Jumapili hiyohiyo usiku, alikuja kwangu. Akaniuliza, "Mwanangu, niuze au nisiuze?" Nikamwambia akaombe.

Mwana_Ujiji: Ukamwambia akaombe.

Mwinjilisti_K: Ndiyo.

Mwalimu_Mstaafu: Basi mahubiri ya Jumapili unayo. Soma mstari wa 32, kisha mweleze mzee mbele ya watu hayo uliyotueleza sisi. Aliyenunua mtumbwi mfuateni mapema kabla hajaupaka rangi.

Mwinjilisti_K: Hela haitoshi, mwalimu. Spika zimekula zaidi ya nusu.

Reli_ya_Kati: Spika ni mpya? Mimi napiga muziki kwenye maharusi huku Gungu.

Mwinjilisti_K: Ziko mbili, bado kwenye boksi. Unatoa ngapi?