Jiberelini (GA3) kwenye malisho: je, majani yatawahi kuchipua msimu wa baridi?

Mfugaji_Makete:
Wakuu, habari za kazi. Nina ekari moja na nusu ya nyasi za kikuyu na nusu ekari ya mabingobingo. Ng'ombe ni wanne wa maziwa, nawakatia na kuwapelekea bandani. Kuanzia Juni hadi Agosti majani yanagoma: mkato ambao wakati wa mvua ni wiki 5 unafika wiki 9 au 10. Udongo wa bondeni bado una unyevu kwa sababu ya ukungu na manyunyu. Duka la pembejeo lina unga wa jiberelini (homoni ya kurefusha mimea) asilimia 90, pakiti ya gramu 1. Muuzaji anasema pakiti moja kwa bomba moja la kupulizia, nipulizie kila nikishakata, mwaka mzima. Je, kipimo hicho ni sahihi? Na mabingobingo niyapulizie pia?

Bwana_Malisho:
Mkuu, kipimo kinaweza kuwa sahihi. Hilo la "kila nikishakata, mwaka mzima" ndilo litakalokumalizia shamba.

Jiberelini haina chakula ndani yake. Inaamuru chembechembe za jani na shina zirefuke, na mmea unatoa akiba yake ya sukari kwenye mizizi na visiki ili utii amri hiyo. Mmea wenyewe hutengeneza jiberelini, ila baridi ikizidi unatengeneza kidogo, ndiyo maana majani yanadumaa hata kama maji yapo. Ukiongeza kidogo wakati huo, yanaamka. Wakati wa joto mmea unajitosheleza, kwa hiyo utakuwa unamwaga hela na kukamua mizizi bure.

Wanaoitumia sana ni wafugaji wa New Zealand, kwenye raigrasi (nyasi za malisho za nchi za baridi), joto la udongo likiwa kati ya nyuzi 5 na 15. Kipimo chao ni gramu 8 za jiberelini halisi kwa hekta, yaani gramu 3.2 kwa ekari. Kwa unga wako wa asilimia 90 ni gramu 3.6 kwa ekari. Sasa "pakiti moja kwa bomba" haina maana mpaka ujue bomba lako linafunika eneo gani. Bomba la lita 20 likifunika mita za mraba 1,000, mabomba manne yanamaliza ekari na pakiti moja kwa kila bomba inakaribia kipimo. Ukitembea polepole ukatumia mabomba manane, umezidisha mara mbili. Pima kwanza kwa maji matupu: weka lita 5, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, lita hizo ziishie kwenye eneo la mita 10 kwa 25.

Kuchanganya ndiko wengi wanakokosea. Unga wa asilimia 90 hauyeyuki vizuri kwenye maji. Weka gramu 1 kwenye kikombe cha kioo, mimina mililita 20 hadi 30 za spiriti, koroga mpaka uone kimiminika kimekuwa angavu kabisa, bila chembe nyeupe chini. Ndipo umimine kwenye bomba lenye maji nusu, uongeze stika (kinatisho cha kufanya dawa ishike kwenye jani) kwa kipimo cha lebo yake, ujaze maji. Ukimwaga unga moja kwa moja bombani, chembe zinatuama: nozeli inaziba, na kipande cha mwisho cha shamba kinapokea dawa ya shamba zima. Usichanganye na chokaa wala maji ya majivu, maana jiberelini huharibika kwenye maji yenye magadi. Mchanganyiko uishe siku hiyohiyo.

Pulizia siku ya 1 hadi ya 5 baada ya kukata. Dawa inaingilia kwenye jani la kijani, kwa hiyo ukikata nyasi za kikuyu mpaka zibaki vijiti vya kahawia, hakuna mlango wa kuingilia. Acha sentimita 5 hadi 7 zenye kijani. Kisha kata tena wiki 3 hadi 4 baada ya kupulizia. Usiyaache mpaka wiki ya 7 eti yazidi kurefuka: nguvu ya dawa inakuwa imekwisha, na mchipuo unaofuata unachelewa.

Udongo_na_Samadi:
Naongezea hapo. Bila naitrojeni utapata majani marefu, membamba na ya njano. Unjano kidogo katika siku 10 hadi 14 za kwanza ni kawaida, kwa sababu jani limerefuka kuliko kasi ya kutengeneza ukijani wake. Ukiendelea baada ya hapo, ujue shamba lina njaa.

Weka urea kilo 25 kwa ekari, yaani nusu mfuko, ndani ya siku hizohizo za kupulizia, wakati manyunyu yapo ili izame. Usikatie ng'ombe kabla ya wiki 3 tangu kuweka urea, maana naitreti nyingi kwenye majani machanga ni sumu kwao.

Na kukata na kubeba kunahamisha rutuba kila mwezi kutoka shambani kwenda bandani. Samadi na mkojo visiporudi, potasi (kirutubisho kingine cha mmea) inakwisha kimyakimya, na hapo hakuna homoni itakayosaidia.

Bwana_Malisho:
Kweli kabisa. Kuhusu mabingobingo, jibu langu ni usiyapulizie. Ukishakata hubaki visiki karibu bila jani. Tena shina likirefushwa unapata fito nyingi, na ng'ombe anataka jani. Kata yakifika mita 1 hivi, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, weka samadi katikati ya mistari. Hilo linaleta machipukizi mengi kuliko pakiti yoyote.

Yakague pia kabla hujasingizia baridi. Shina likichipua vitoto vingi vifupi kama kichaka, majani madogo ya njano, na hali ikizidi kila unapokata, huo ni ugonjwa wa kudumaa, unaosambazwa na mdudu mrukaji na kwa kupanda vipande vyenye ugonjwa. Ng'oa shina lote na mizizi yake. Usichukue mbegu hapo.

Mama_Maziwa_Njombe:
Ndugu yangu, angalia neno la kwenye lebo, maana "homoni ya mimea" ni jina la vitu vingi. 2,4-D nayo ni homoni, ya kuua magugu ya majani mapana. Bomba lililobeba 2,4-D likipita kwenye lusina au desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde, majani yanajikunja kama ngumi. Tenga bomba lake kabisa. Vilevile zipo dawa za kufupisha ngano isianguke, zinazozuia jiberelini ya mmea, yaani kinyume cha unachotaka. Pia hakikisha bidhaa ina namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania) na lebo inataja malisho.

Halafu usipulizie shamba lote. Acha mstari wa mita 3 katikati bila dawa, lakini urea iwekwe sawasawa kote. Wiki ya nne tengeneza fremu ya miti ya sentimita 50 kwa 50, itupe mara tano kwenye dawa na mara tano pasipo dawa, kata kwa urefu uleule, pima kwa mzani wa kuning'iniza. Tofauti ya gramu 100 za majani mabichi ndani ya fremu ni kilo 1,600 kwa ekari. Yakiwa na uzito mkavu wa asilimia 20, hizo ni kilo 320, malisho ya ng'ombe mmoja kwa karibu mwezi. Usipime kwa macho wala kwa rula, kwa sababu dawa hii inaongeza urefu kwanza na uzito baadaye.

Mfugaji_Makete:
Asanteni sana. Nimeelewa: bondeni tu, kikuyu tu. Swali la mwisho, kipande kimoja nilikikata siku 12 zilizopita, kimeanza kuchipua. Nakiwahi?

Bwana_Malisho:
Hicho kimekupita, mkuu. Kiwekee urea tu, usubiri mkato ujao. Na kama asubuhi kuna sakitu, ngoja iyeyuke na majani yakauke umande mzito ndipo upulizie, siku ambayo hutarajii mvua kwa saa kadhaa.