Naomba ushauri: mazoezi ya mzee mwenye Parkinson
Wakuu habari zenu, mzee wangu ana miaka 71 na huu mwaka wa 4 na Parkinson (ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa), mtu wa fiziotherapi kampangia mazoezi dakika 30 mara 5 kwa wiki, hatua ndefu, kuinuka kwenye kiti bila kushika, ila nyumbani anafanya siku 2 tu, ukimkumbusha "we niache nimechoka". Akifika mlangoni miguu inaganda kabisa, nikamchorea mistari ya chaki sakafuni akawa anaivuka vizuri tu, nilishangaa! Kama saa moja baada ya kumeza levodopa (dawa yake ya Parkinson) ndo anakuwa mwepesi, shida muda huo mi niko job na dada wa kazi anaogopa mzee asije akaanguka mikononi mwake. Mliouguza mlifanyaje? Na baiskeli ya mazoezi ya kukaa inafaa au ntatupa hela?